Msalimieni Kwanza Bwana Emlyn

Ufunguo uko chini ya chungu cha tatu cha maua, si cha kwanza. Cha kwanza kina konokono. Maji ya moto yakichelewa, usigombane na bomba, subiri dakika mbili. Geti la chini lifungwe hata kama unarudi sasa hivi, maana kondoo hawamsubiri mtu.

Haya yote nimeyahifadhi mimi Anatole, fundi viatu wa Jules Street, hapa Malvern, Johannesburg, ambaye sijawahi kufika Wales na wala sijaalikwa. Nimeyahifadhi kwa sababu mke wangu, Emérite, huyasema kila wiki, kwa simu na kwa maandishi, akiwa amekaa kitandani kwetu na miguu ndani ya blanketi. Yeye ndiye mwenyeji wa nyumba moja ya mawe iliyoko mashambani huko Wales, karibu na bahari, yenye vyumba vinne vya kulala. Sisi tuna vyumba viwili, na kimoja ni jiko.

Nyumba yenyewe ni ya Huw, injinia wa migodi, aliyeirithi kwa mama yake. Huw anaishi upande wa kaskazini wa Johannesburg na mkewe Cheryl, Mkenya anayefanya kazi benki, pamoja na watoto wao wawili. Ni nyumba ya likizo ya familia, lakini familia haina likizo, kwa hiyo wanaikodisha kwa Waingereza wiki baada ya wiki. Mgeni akitaka kujua taulo ziko wapi, anaandika ujumbe, na ujumbe unaingia Malvern. Emérite anajibu. Anatia sahihi "Emmy", kwa sababu Cheryl alisema jina Emérite litawachosha watu waliokuja kupumzika. Wageni wanaamini Emmy anakaa hapo chini kijijini, amevaa buti za mpira. Hakuna aliyewadanganya. Ila pia hakuna aliyewaambia ukweli.

Mwezi wa saba ndio unaonichekesha zaidi. Kwao ni kiangazi, nao wanaandika: "Emmy, tunaganda." Kwetu ni baridi kali, hita ya mafuta ya taa inanuka, dirisha limezibwa kwa kadibodi, na mke wangu amevaa koti langu juu ya lake. Anawajibu kwa upole kabisa: poleni sana, kuni kavu ziko nyuma ya banda. Mimi nikimwuliza zetu ziko wapi, anaendelea kuandika.

Kwetu Burundi alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, huko Ngozi. Hapa alianza kwa kupiga deki nyumbani kwa Cheryl. Siku moja akaona insha ya mtoto mkubwa mezani, akashindwa kujizuia, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, mpaka nukta. Tulijua atafukuzwa. Badala yake Cheryl akamkabidhi simu na kumwambia, "Mama Annick, kuanzia leo wewe shughulika na wageni, deki nitatafuta mtu mwingine." Binti yetu Annick alipoambiwa shuleni achore nyumbani kwao, alichora nyumba ya mawe na kondoo wanane. Mwalimu akampa nyota. Mimi nilinuna siku mbili.

Sasa ukuta wetu. Kabla ya Malvern tulikaa Turffontein, mtaa mwingine wa jiji hili hili, na huko Emérite alisalimia mtaa mzima. Ni mtu wa kilimani huyu. Kwao ukihamia mahali unabisha hodi kwa jirani wa kwanza kabla hujatua godoro, na mkononi una kitu, hata kama ni vichana viwili vya ndizi. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mjini Bujumbura, ambako tulisalimiana kwa kupigiana kelele dirishani, lakini nilimwacha afanye ya kwao. Halafu ikaja ile siku ya kuwafukuza watu wa nchi za nje, na mtu aliyeunyooshea kidole mlango wetu alikuwa mtu ambaye mke wangu alimsalimia kila asubuhi. Tulitoka na mtoto na cherehani ya viatu, basi. Nilipofika Malvern nilinunua kufuli mbili za geti, ufunguo nikautia mfukoni mwangu, nikatoa amri: hapa hatumsalimii mtu.

Emérite alilia, kisha akatii. Ng'ambo ya ukuta wetu anakaa mama mmoja mzee. Kwa miaka mitano tumemsikia akikohoa, tumesikia redio yake ya nyimbo za kanisa za Kizulu. Sura yake siijui. Nilijiona nimeilinda familia yangu, na kwa kweli mpaka leo sijui kama nilikosea. Najua tu kwamba mwanamke niliyemnyima majirani alienda kuwatafuta Wales.

Ilikuwa hivi. Ndani ya nyumba ile kuna kitabu cha maelezo kwa wageni. Kiliandikwa na marehemu mama yake Huw, na miaka minne iliyopita Emérite alipewa kazi ya kukichapa upya. Ukurasa wa pili, baada ya habari za takataka, kulikuwa na mstari huu: Msizungumze na mtu wa shamba la juu.

Emérite aliusoma mara tatu.

"Baba Annick," akaniambia, "huyu mama alikuwa mgonjwa wakati anaandika."

"Au jirani ni mwizi."

"Hapana. Angekuwa mwizi wangesema mwizi. Hii ni kisirani tu. Watoto wake wakisoma hii watapata haya."

Akawaonea haya kwa niaba yao. Hakumwuliza Cheryl, hakumwuliza Huw. Kwake ilikuwa kama kuokota leso ya mtu iliyoanguka. Akaufuta mstari, akatafuta jina la mwenye shamba, akaandika wa kwake: Mkifika, kabla ya kushusha mizigo, nendeni shamba la juu mkamsalimie Bwana Emlyn. Mwulizeni ameamkaje na mifugo yake inaendeleaje. Siku ya kuondoka nendeni mkamuage, na msiende mikono mitupu.

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nilimwambia hakuna Mwingereza duniani atakayefanya hayo. Kumbe sikuwajua. Mwingereza aliye likizoni anafanya lolote alilolikuta limechapwa kwenye karatasi.

Wakaenda. Familia ya kwanza ilimkuta Bwana Emlyn, mzee wa miaka sabini na kitu, mjane, akafungua mlango robo. Wakamwuliza habari za kondoo. Akadhani wametumwa na serikali. Familia ya pili ilimkuta amefungua mlango nusu. Ya tatu ilikuta ameweka birika jikoni, kwa sababu kila Jumamosi jioni sasa kulikuwa na watu wanaokuja kumwuliza ameamkaje, na siku ya kuondoka walimletea mayai yaliyobaki, siagi nusu, chupa ya divai iliyoonjwa tu. Baada ya mwezi mmoja Bwana Emlyn alifanya jambo ambalo Emérite hakulijua uzito wake. Alifungua geti la shamba lake.

Bahari kutoka nyumba ile inaonekana dirishani, lakini kwa barabara ni mwendo wa dakika arobaini kuzunguka. Kwa kukatiza shamba la Emlyn ni dakika kumi. Wageni wakaanza kukatiza, na sifa zikaanza kumiminika mtandaoni: nyota tano, nyota tano, njia nzuri ya baharini, jirani wa ajabu. Cheryl alifurahi sana. Alikuwa amenunua magodoro mapya mwaka ule, akasema, "Si niliwaambia ni magodoro."

Emlyn naye akaanza kumtumia Emmy salamu. Mwambieni Emmy wanakondoo wamezaliwa. Mwambieni Emmy mguu umepona. Kisha akaanza kumtumia jemu ya matunda ya porini, anayopika mwenyewe. Wageni wakiuliza waiweke wapi, Emérite alijibu: iacheni kwenye kabati la juu ya friji, nitapita kuichukua. Hapo ndipo nilipomwonya.

"Utapita lini? Na karatasi gani?"

Maana karatasi zetu za ukimbizi zinaishia uwanja wa ndege, upande wa kuegesha magari. Alisema haikuwa uongo, ilikuwa adabu, kwani kumwambia mzee usilete ni kumtukana. Chupa zikajipanga kabatini, kila moja na kikaratasi: Emmy.

Mwaka huu, mwezi wa saba, familia ikapata likizo. Huw, Cheryl na watoto wakafunga safari kwenda nyumbani kwao wenyewe kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Waliingia Jumamosi jioni, wakapita mbele ya shamba la juu bila kupunguza mwendo, wakashusha mizigo.

Bwana Emlyn alikuwa ameweka birika. Alisubiri Jumamosi, akasubiri Jumapili. Jumatatu asubuhi akaenda akalitia geti lake mnyororo.

Simu ilipigwa saa saba mchana. Nilikuwa nimerudi kula, na Emérite aliweka sauti ya nje kwa sababu mikono ilikuwa na unga. Huw hakuwa akipiga kelele. Waingereza, na hata hawa wa Wales, wakikasirika hupunguza sauti. Alikuwa amekuta kitabu. Alikuwa amekuta chupa kumi na moja za jemu zenye jina la mfanyakazi wake.

"Nani alikuruhusu kufuta maneno ya mama yangu?"

"Hakuna," Emérite akasema.

"Mama yangu hakusemeshana na mtu huyo miaka ishirini na sita."

"Pole sana," mke wangu akasema, na alimaanisha.

Kumbe ugomvi wao ulikuwa wa mbwa. Zamani mbwa wa yule mama aliwakimbiza kondoo wa Emlyn wenye mimba, wawili wakaharibu mimba. Emlyn akafunga geti, mama akafunga mdomo. Sasa Huw akasema kwamba mwisho wa mwezi Emérite asiendelee tena, watatafuta kampuni ya huko huko. Akasema asante kwa yote. Kisha akakata simu.

Ugali ulipoa sahanini. Sisemi maneno makubwa, lakini kazi ile ndiyo inayotuweka chini ya bati hili na ndiyo inayomweka Annick kwenye shule ile. Mimi na gundi yangu tungeweza kugharamia paa au shule, si vyote. Niliogopa, na nilipoogopa nikamgombeza. Nilimwambia, "Unaona sasa? Hata kwa watu wasiokuona, kusalimia kunakuletea balaa." Nilijua ni maneno mabaya wakati nayasema. Alinawa mikono akaanza kuwajibu wageni wa Jumamosi inayofuata, maana bado kazi ilikuwa yake mpaka mwisho wa mwezi.

Na wageni hao ndio walioharibu mpango wa Huw. Walikuwa wanamleta bibi yao anayetembelea mkongojo, na walikuwa wamechagua nyumba ile kwa sababu moja tu, ya njia fupi ya baharini. Emérite alimwandikia Huw mstari mmoja wa kumkumbusha, bila neno la ziada. Mwalimu ni mwalimu.

Jumanne akapiga Cheryl. Alikuwa amejificha bustanini, anaongea Kiswahili ili mumewe asielewe.

"Mama Annick, aki umetuweka wapi? Watoto wanalia wanataka bahari, Huw amenuna hata hakuli, na huyu mzee ametufungia na chain. Sasa tufanye nini?"

"Bon, Dada Cheryl, muende kumusalimia."

"Kumsalimia tu?"

"Kumusalimia. Muchukue kitu mukononi, hata mukate. Lakini aende mwenye nyumba mwenyewe. Wewe ukienda pekee yako, itaonekana amekutuma."

"Huw hawezi. Anasema ni mambo ya mama yake."

"Mama yake amekufa, dada. Mambo yake yanakaa wapi sasa?"

Cheryl akasema, "Eish." Miaka mingi ya Johannesburg imemfundisha neno hilo.

Hata hivyo Jumatano alienda peke yake, akajaribu. Bwana Emlyn alimkaribisha vizuri, akampa chai, na kuhusu geti akasema atazungumza na Emmy tu. Kwa nini Emmy asipande kutoka kijijini, miaka minne sasa, wakati anamjali kuliko watu wote? Cheryl akampigia Emérite, akampa mzee simu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kiatu cha mtu mkononi. Nilimwashiria mke wangu: sema uongo. Sema una mafua. Sema gari limeharibika. Aliniangalia, akageukia ukutani.

"Bwana Emlyn," akasema kwa kile Kiingereza chake kilichonyooka, "siko kijijini. Niko Johannesburg. Mimi ni Mrundi. Geti lako nimeliona kwenye picha tu, ni la kijani, na limefungwa kwa kamba ya buluu."

Simu ilikuwa kwenye sauti ya nje. Nilisikia saa ya ukutani ya mtu wa Wales.

"Basi jemu yangu imeliwa na nani?" mzee akauliza.

"Haijaliwa. Iko kabatini, chupa kumi na moja. Samahani sana."

Nilidhani amekata. Kisha akasema kwamba afadhali, maana ile ya mwaka wa kwanza aliizidisha sukari. Akamwuliza Johannesburg kuna baridi? Ipo. Kuna kondoo? Mjini hapana. Akauliza watoto, akauliza mume anafanya kazi gani, akanitumia salamu. Na halafu, kwa nia nzuri kabisa, akauliza, "Na wewe huko, jirani yako ni nani?"

"Ni mama mmoja mzee," Emérite akasema.

"Anaitwa nani?"

Mke wangu alikuwa bado ameuelekea ukuta. Ng'ambo yake redio ilikuwa inaimba.

"Sijui," akasema.

"Ah," mzee akasema. Hakucheka. Mimi niliangalia kiatu nilichoshika nikaona nimekishonea soli ya mguu mwingine.

Huw alienda Ijumaa. Cheryl alituhadithia baadaye, na sikuwa na sababu ya kutomwamini, maana alikuwa analia huku anacheka. Mvua ilikuwa inanyesha. Huw alibeba nusu mkate na mayai sita, akabisha hodi, akasimama pale mlangoni mtu mzima wa miaka hamsini, hajui aanze vipi. Basi Emlyn akaanza yeye. Akamwuliza safari ilikuwaje. Akamwuliza waliobaki Johannesburg hawajambo. Akauliza yote yaliyokuwa kitabuni, moja baada ya jingine, kwa sababu kwa miaka minne alikuwa ameulizwa yeye na sasa ameyazoea. Mwisho akauliza, "Na mbwa?"

"Mbwa alikufa zamani," Huw akasema.

"Pole," mzee akamwambia.

Hapo, Cheryl anasema, mumewe alikaa kwenye kiti cha jikoni cha mtu mwingine akalia. Saa kumi mnyororo ulitoka. Jumamosi bibi wa mkongojo aliiona bahari.

Jumatatu ukaja ujumbe wa Huw. Hakuomba radhi, alisema tu kwamba "wamefikiria upya" na Emmy aendelee. Emérite alikaa chini, akavuta pumzi ndefu, akasema Mungu asifiwe, nami nikamshika bega. Lakini ujumbe ulikuwa na sehemu ya pili. Huw alitaka ule ukurasa wa pili wa kitabu upanuliwe, uwekewe kichwa cha habari chenye herufi kubwa, na alikuwa ameyaandika maneno mwenyewe. Kichwa kilisema: Desturi ya Kale ya Pwani Yetu. Chini yake ilielezwa kwamba kwa vizazi na vizazi, katika sehemu hii ya Wales, mgeni humsalimia jirani kabla ya kushusha mizigo.

"Vizazi na vizazi!" nikapiga kelele. "Vizazi gani? Miaka minne! Mwandikie! Mwambie ni desturi ya Ngozi, ya kilimani kwenu, na mama yake aliandika nini!"

Emérite alikuwa anaisahihisha. Alimwondolea Huw mikato miwili na kuongeza nukta.

"Mwache," akasema. "Anapendeza akiisema yeye."

Akaituma.

Siku ya pili yake niliporudi kazini nilikuta nyumba inanuka maharage ya mawese. Alikuwa amepika na ndizi, amepakua sahani moja iliyojaa, ameifunika kwa kitambaa cheupe cha Noeli. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Alininyooshea mkono.

"Naomba ufunguo wa geti, Baba Annick."

"Unaenda wapi?"

"Kwa jirani."

Nilimkumbusha Turffontein. Nilimkumbusha kidole. Sauti yangu ilipanda mpaka Annick akatoa kichwa jikoni akaniambia, "Papa, chill." Emérite alisubiri nimalize, sahani mkononi, ametulia kabisa.

"Mimi siendi kwa mambo ya kwetu," akasema. "Ya kwetu ulikataza, nikatii. Hii ni ya kazi. Ni desturi ya kale ya Wales."

Sikuweza kuzuia kicheko. Nikatoa ufunguo. Kisha nikavaa viatu vyangu, maana kwao mke haendi kujitambulisha peke yake kana kwamba hana mtu.

Tulizunguka ukuta. Ni hatua kumi na tisa. Geti lake ni la chuma kama letu. Emérite alibisha, na redio ikapunguzwa.

"Ngubani?" sauti ikauliza kwa Kizulu, nani, na ilikuwa sauti ya mtu anayeogopa.

"Makhelwane," mke wangu akajibu. Jirani. Neno hilo sijui alijifunza lini.

Kikohozi kilikuja kikikaribia polepole. Halafu tukasikia kufuli zikifunguliwa kwa ndani. Ya kwanza. Ya pili. Sisi tuna mbili. Yeye alikuwa na tatu.